Pinde Zilizofuata Mishale

Saa tisa na robo alasiri, siku ya Jumamosi, mshale wa kwanza uliingia kulia kwa duara jeusi, umbali wa kiganja kimoja. Wa pili ukaingia kando yake. Wa tatu ukapita zaidi, ukagota kwenye gunia la pembeni ambalo kwa kawaida hupigwa na wageni tu.

Mpigaji aliteremsha upinde. Akatazama miguu yake, kisha mkono wake wa kushoto, kisha majani juu ya ukuta aone kama kuna upepo. Hayakutikisika. Mwanamke huyo alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ya wiki nzima ilikuwa kuzunguka madukani na sokoni na sanduku la mawe ya kupimia, ahakikishe kwamba kilo ni kilo. Kwenye uwanja ule mwembamba nyuma ya duka la pinde walimwita Gramu, naye hakuwahi kulikataa jina. Hakuwa mtu wa kukosa mara tatu upande mmoja. Binadamu akikosea, aliamini, hukosea huku na huku. Kinachokosea upande mmoja siku zote ni kifaa.

"Karibu chamani, dada," alisema daktari wa meno, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akimenya karanga. "Nilikuwa nangoja siku yako ifike."

"Chama gani?"

"Chama cha wapiga gunia. Mimi ndiye mwenyekiti." Alimwonyesha upinde wake uliokuwa umeegemezwa ukutani. "Huu umerudi kwa fundi mara tatu. Kila ukirudi mishale inanyooka, siwezi kumsingizia. Lakini upinde wenyewe umebaki jina. Siku hizi naweza kuuvuta huku nazungumza na mgonjwa."

"Anafanya nini akiuchukua?"

"Nitajuaje? Mimi ni wa meno." Daktari alishusha sauti, ingawa uwanjani hawakuwapo wengine. "Mzee amechoka, Gramu. Hatulisemi, lakini amechoka. Mkono si ule."

Gramu alikwenda shabahani. Aliing'oa mishale yake, akaifuta vumbi, akaitia kwenye podo pamoja na mishale mitatu ya zamani iliyokuwa imebaki kutoka seti ya miaka ya nyuma. Ile mitatu alikuwa bado hajaipiga siku hiyo. Akaitoa tena, akasimama pale pale aliposimama, akaipiga. Yote iliingia kwenye duara jeusi.

Kwa hiyo upinde haukuwa na kosa. Wala yeye.

Duka lenyewe lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na dirisha kubwa la mtaani, na chini ya dirisha hilo meza ya mishale, mahali pa Bibi. Juu yake palikuwa na makopo ya manyoya yaliyopangwa kwa rangi, sufuria ndogo ya gundi juu ya jiko dogo la umeme, karatasi za msasa, na vijiti vilivyosimama kwenye ndoo kama mashada ya tambi kavu. Chumba cha nyuma kilikuwa karakana ya mumewe, Fundi: jiliwa, tupa, randa, na vipande vya vioo vilivyovunjwa makusudi, kwa sababu hakuna chuma kinachokwangua mti wa upinde kwa upole kama ukingo wa kioo. Alitengeneza pinde, mkewe alitengeneza mishale. Waliishi hivyo tangu walipooana, na nyumba ilikuwa na sheria moja tu, kwamba hakuna anayegusa meza ya mwenzake. Sheria hiyo ilizaliwa mwaka wa kwanza wa ndoa, Fundi alipoamua kumsaidia mke wake kupunguza manyoya kwa mkasi. Aliyapunguza yote upande mmoja. Bibi hakusema naye mpaka kuku wote wa jirani walipoota manyoya mengine, au ndivyo Fundi alivyopenda kusimulia, na kila aliposimulia Bibi alikuwa akisema, "Na bado sijamaliza."

Sheria haikuwa na hasara, kwa sababu kazi zilifuatana. Mshale hauruki kwa kunyooka kama watu wanavyodhani. Ukiachiwa, hujipinda ukiuzunguka mti wa upinde kama mtu anayepita kando ya nguzo, kisha hujirudi. Ukiwa mgumu mno kwa upinde ule, huenda kushoto. Ukiwa mlegevu mno, huenda kulia. Basi upinde hutangulia, na mshale hutengenezwa kuufuata. Fundi alikuwa akimaliza upinde, anauweka kwenye dirisha dogo la kati ya vyumba viwili, na Bibi anauchukua, anauvuta mara moja kwa mikono yake mwenyewe, anausimamisha kando ya ndoo ya vijiti, na kuanza kupiga msasa.

Jumatatu, wenzake walipokwenda kula, Gramu aliweka matofali mawili juu ya meza ya ofisini, akalaza mshale wa zamani juu yake kama daraja, akatundika jiwe la nusu kilo katikati. Akasoma ulivyopinda kwenye kipimo chenye sindano. Akarudia kwa ule wa pili na wa tatu. Ilisoma sawa. Kisha akaweka mishale mipya. Yote ilipinda zaidi, na hakuna miwili iliyopinda sawa.

Aliuzungusha mmoja kati ya vidole. Ulikuwa laini kama kioo. Ulikuwa mwembamba pia, ingawa jicho peke yake lisingegundua: ulikuwa umepigwa msasa kupita mahali pa kuacha.

Jumanne baada ya kazi alipita dukani. Bibi alikuwa kwenye meza yake, miwani puani, akigandisha unyoya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mishale inasemaje?"

"Bado tunazoeana," alisema Gramu. Lilikuwa jibu la kweli, ila halikuwa jibu la swali hilo.

"Mishale haizoewi. Mume ndiye huzoewa." Bibi alicheka peke yake, akainua kijiti cha gundi kutoka kwenye sufuria iliyokuwa ikitoa mvuke. Tone lilidondoka likatua juu ya kidole gumba chake cha kushoto. Gramu aliliona likitua. Lilikuwa gundi ya moto, ile inayomfanya mtu arushe mkono na kutaja wazazi wake. Bibi aliendelea kuzungumza. Alisema binti yao, mwalimu wa mji mwingine, alikuwa anakuja Ijumaa, na kwamba huyo binti tangu utotoni hakuwahi kuja siku ya kazi bila jambo. Tone likapoa, likawa jeupe juu ya ngozi. Hakulitazama.

Gramu aliomba ruhusa, akapita nyuma.

Fundi alikuwa ameubana upinde wa daktari wa meno kwenye jiliwa, anaukwangua upande wa tumbo kwa kipande cha kioo. Unga wa mti ulikuwa umemjaa mikononi hadi kwenye viwiko.

"Fundi, upinde huo hauna kosa."

Kioo kilisimama. Kisha kikaendelea. "Najua."

"Wala wangu hauna."

"Wako?" Aliinua macho. "Nikimsikia mtu anausema vibaya ule, nitampeleka mahakamani."

"Nimeipima mishale."

"Najua umeipima. Ungeacha kuipima ningemwita daktari, na si huyu wa meno." Alipuliza unga, akatazama mlango uliokuwa wazi nusu, akausukuma kwa mguu. "Punguza sauti. Masikio yake hayana ugonjwa."

"Gundi imemdondokea kidoleni sasa hivi."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu."

"Ndiyo. Hasemi kitu." Fundi alikaa juu ya kigoda. "Vidole vimekufa ganzi tangu mwaka jana. Anapiga msasa mpaka asikie kijiti kimekuwa sawa, naye hasikii, basi anaendelea. Hajui. Anadhani ni vijiti vya siku hizi ndivyo vikaidi."

"Na wewe unakwangua pinde."

"Mshale na upinde visipoelewana, kimoja lazima kishuke nguvu. Mishale imeshashuka. Kilichobaki ni upinde."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mshale unafuata upinde."

"Nilifundisha nikiwa sijui yatakayonikuta, mwanangu."

"Mwambie."

"Nikimwambia leo, leo hiyo hiyo ataondoka kwenye ile meza. Unamjua. Hawezi kutoa kitu kibovu akijua ni kibovu. Atakaa kwenye kiti aangalie ukuta, na mimi nitakaa nimwangalie yeye. Hiyo ndiyo biashara itakayobaki."

"Ungemsaidia. Vidole vyako vinasikia."

"Ile meza siigusi," alisema Fundi, kama mtu anayetaja mpaka wa shamba.

"Watu wanasema wewe ndiye uliyechoka."

"Waseme. Mchana watasema, usiku watalala." Alisimama, akachukua kioo. "Lete upinde wako Jumamosi. Nitaukwangua kidogo tu. Hutaona tofauti." Akafikiri. "Wewe utaiona. Lakini utanisamehe."

Gramu alirudi nyumbani kwa miguu, akiuwaza upinde wake. Alikuwa amefika mji huu kwa uhamisho, hana ndugu, na duka lile aliliingia mara ya kwanza kukagua mizani ya gundi. Fundi hakumpa upinde avute, kama wanavyofanya madukani. Alimwambia anyanyue sanduku lake la mawe, atembee nalo hadi mlangoni na kurudi. Akamtazama lile bega la kulia lililoshuka kwa miaka ya kubeba chuma. Upinde wa kwanza aliomtengenezea ulipasuka ukikauka. Akachagua gogo jingine, na Gramu akangoja mvua zipite mara mbili. Tangu siku alipokabidhiwa, kila mwaka aliuning'iniza kwenye mizani ya ndoano na kuuvuta, na kila mwaka ulisoma vilevile. Katika kazi yake hakuwahi kukutana na kitu kingine kilichosoma vilevile kila mwaka. Fundi mwenyewe alikuwa amesema hatatengeneza mwingine kama ule, na hakuwa akisema kwa majivuno. Magogo ya aina ile yalikuwa yamekwisha.

Mti uliokwanguliwa haurudishiwi unga wake. Kuupeleka upinde ule chini ya kioo kulikuwa kuuua taratibu. Kutoupeleka kulikuwa kumwacha Bibi aione mishale yake ikienda kulia, mmoja baada ya mwingine, mbele ya macho yake.

Ijumaa binti alifika, na jambo alikuwa nalo. Mwenye jengo alikuwa anabomoa ajenge ghorofa. Duka lilitakiwa liwe tupu mwisho wa mwezi. Binti alikuwa na chumba kwa ajili ya wazazi wake, kikavu, chenye dirisha, kisicho na karakana. Alilisema hilo la karakana mwanzoni, waziwazi, na Fundi alimshukuru kwa kutolificha.

Jumamosi habari ilikuwa imeenea. Watu waliokuja uwanjani hawakupiga sana. Walikaa kwenye benchi, wakashika pinde zao magotini.

"Tutakwenda wapi?" aliuliza daktari wa meno. Hakumwuliza mtu maalumu. Kisha akasema, "Mke wangu ana furaha. Anasema sasa nitaijua sebule yangu."

Bibi alitoka na kitambaa chake cha kazi kiunoni, akasimama mbele yao.

"Msikae kama mko kilioni, sijafa," alisema. "Kila mmoja wenu atapata seti ya mwisho kutoka kwangu. Mtaipiga hapa, Jumamosi ya mwisho, mimi nikiwa nimekaa pale." Alionyesha kiti karibu na mstari wa kupigia. "Na nitaing'oa mwenyewe."

Hiyo ya kung'oa ilikuwa desturi ya duka, ingawa siku hizi Bibi hakutoka uwanjani mara nyingi. Mishale mipya siku yake ya kwanza hung'olewa shabahani na aliyeitengeneza, aone imeingiaje.

Wiki iliyofuata wenye pinde walipishana mlangoni kwa Fundi. Walileta pinde zao "ziangaliwe kidogo", bila kueleza zaidi, na Fundi alizipokea bila kuuliza. Wengi wao walidhani wanamsitiri mzee aliyechoka. Gramu hakuleta wake. Alipopita kuchukua mishale yake mapema, Fundi hakuutaja upinde. Ila kwenye ukingo wa meza ya karakana kulikuwa na kipande kipya cha kioo, ambacho ukingo wake ulikuwa bado haujatumika, kimewekwa peke yake juu ya kitambaa safi.

Mishale sita. Aliipima. Ilikuwa milegevu kuliko ile ya kwanza, na ilitofautiana zaidi.

Nyuma ya ofisi ya vipimo kulikuwa na ua uliojaa mizani iliyofutwa, ile iliyokutwa ikidanganya na ambayo wenyewe hawakuja kuidai. Kwenye ukuta wa mwisho Gramu aliegemeza magunia. Kila jioni ya wiki ile, kabla ya giza, alisimama kati ya mizani ile iliyopinda na kujifunza mishale sita. Aliitofautisha kwa manyoya: wenye doa jeupe ulikwenda kulia nusu kiganja; wenye unyoya uliogawanyika, kiganja kizima; mweusi mtupu, kiganja na vidole viwili. Kwa kila mmoja alitafuta mahali pa kulenga ili uingie katikati. Aliona kwamba haitoshi kusogeza jicho. Ilimbidi asogeze miguu.

Kila mwenye duka aliyewahi kukamatwa na mizani mbovu alimwambia jambo lile lile: najua inazidisha, mama, kwa hiyo mimi napunguza. Hakuwahi kuwaelewa watu hao. Alikuwa akiandika faini na kufunga sanduku. Sasa aliwaelewa, na hilo halikumpendeza.

Jumamosi ya mwisho rafu za dukani zilikuwa tupu na ukuta ulikuwa na alama za mahali ambapo pinde zilikuwa zimening'inia. Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na mstari, mikono ndani ya mfuko wa kitambaa chake. Fundi alisimama nyuma yake. Wapigaji wengine walipiga mmoja mmoja. Pinde zao zilivutika kwa urahisi na mishale ilikwenda polepole, lakini ilikwenda mahali pake, au karibu. Bibi aliing'oa, akaipitisha vidoleni, akatikisa kichwa kukubali kwa kila mmoja. Daktari wa meno alipiga mitano shabahani na mmoja ukutani, akasema huo wa ukutani ni wa mwenye jengo.

Gramu alipita mstarini. Fundi aliutazama upinde wake. Alijua, bila kuugusa, kwamba haujakwanguliwa, na uso wake ukajikunja kama wa mtu anayesubiri kupigwa.

Wenye doa jeupe: duara jeusi. Wenye unyoya uliogawanyika: duara jeusi. Mweusi mtupu, alichelewa kidogo kabla ya kuuachia, nao ukaingia ukigusana na wenzake. Yote sita iliingia. Kundi zima lilitoshea chini ya kisahani.

"Gramu, leo umekula nini?" aliuliza daktari wa meno. "Niambie na mimi nikanunue."

Fundi alitoa pumzi. Bibi aliinuka, akatembea hadi shabahani, na Gramu akamfuata kwa sababu desturi ilitaka mpigaji awe pale. Bibi aliung'oa mshale wa kwanza. Hakuupitisha vidoleni. Aliuegemeza kwenye shavu lake, akauzungusha, akausukuma kidogo kwa ncha ili ujipinde. Akafanya hivyo kwa wa pili. Alipofika wa tatu alisema, bila kugeuka:

"Unadhani nilikuwa naangalia shabaha?"

"Sijui, Bibi."

"Shabaha haijawahi kunifundisha kitu. Mimi naangalia miguu." Akauzungusha ule mweusi shavuni. "Kwa mshale huu umehama kushoto upana wa kiatu. Kwa ule wa kwanza, nusu yake. Miaka yote unasimama hapa kama mti wa simu, leo unacheza ngoma. Nani kakufundisha?"

Gramu aligeuka kutazama mstari wa kupigia.

"Ni milegevu," alisema Bibi.

Katika kazi yake Gramu hakuwahi kutoa usomaji wa uongo. Alikuwa amekuja pale siku hiyo kwa nia ya kutoa mmoja, na kwa mishale sita alikuwa ameutoa. Aliulizwa wazi mara moja tu, na ilitosha.

"Ndiyo, Bibi. Ni milegevu."

"Yote?"

"Yote. Na si sawasawa."

"Vijiti?"

"Msasa."

Bibi alitazama vidole vyake, mbele na nyuma, kama vitu alivyoazimwa. Kidole gumba kilikuwa na kovu jipya la moto. "Nililiona hili juzi wakati wa kuoga," alisema. "Nikajiuliza limetoka wapi." Kisha Gramu aliweza kuona fikra yake ikitembea kutoka kidoleni hadi kwenye benchi, pinde zikiwa zimeegemezwa pale. "Kwa hiyo zile zote zilizokuwa zinarudi kila wiki."

"Muulize Fundi."

"Simuulizi. Namjua." Aligeuka. "Mzee. Njoo na kioo chako."

Fundi alikuja. Kioo kilikuwa mfukoni, kimefungwa kwa kitambaa. Alimkabidhi mkewe kama mtoto anayekabidhi manati, naye akakitia kwenye mfuko wake.

"Pinde ngapi?"

"Sikuzihesabu, bibie."

"Maisha yangu yote nimekuwa nikifuata pinde zako," alisema Bibi. "Umeanza kunifuata wewe, na hukuniuliza kama najua ninakokwenda."

"Ungeiacha meza."

"Ningeiacha. Na wewe ungepata mke wa kugombana naye, na hawa wangekuwa na pinde." Alitazama pinde zilizoegemezwa kwenye benchi. Alipomgeukia daktari wa meno alisema kwa upole, "Wako umeharibiwa kwa ajili yangu, daktari."

"Bibi, mimi ni mvivu," alisema daktari. "Nilikuwa nautaka mwepesi tangu mwanzo. Niliona aibu kusema." Alikuwa anadanganya, na wote walijua, na hakuna aliyempinga.

Bibi aliishika mishale sita kwa mkono mmoja. Hakumrudishia Gramu.

"Kuna vijiti vimebaki ndooni," alimwambia mumewe. "Havijaguswa. Kesho asubuhi uje kwenye meza yangu."

"Meza yako?"

"Nimesema nini? Vidole vyako si vinasikia? Utasikia kwa niaba yangu, na mimi nitaangalia kwa shavu. Upinde wa huyu mtoto, atuachie hapa, tuufuate." Akatembea hatua kadhaa, akasimama. "Na manyoya usiyaguse."

Jumapili hadi Jumatano duka lilikuwa limefungwa kwa mbele. Aliyepita mtaani aliweza kuwaona dirishani: wamekaa bega kwa bega kwenye meza ya mishale, Fundi akipiga msasa na kusimama, Bibi akichukua kijiti, akikiegemeza shavuni, akikirudisha. Mara nyingi alikirudisha. Gramu alipita mara mbili, na mara zote mbili walikuwa wanabishana, na hawakumwona.

Alhamisi gari lilikuja. Binti aliwafunga wazazi wake mikanda kwenye viti vya nyuma. Jiliwa ilibaki, kwa sababu ilikuwa imejengewa sakafuni. Kibao cha duka Fundi alikuwa amekishusha mwenyewe, na daktari wa meno, aliyefunga kliniki yake asubuhi ile, alikuwa amekishika asijue akiweke wapi.

"Kitundike sebuleni," alisema Fundi. "Si utaanza kuijua?"

Bibi alimwita Gramu kwenye dirisha la gari, akampa upinde wake, na mishale iliyofungwa kwa uzi.

"Nikikuambia usiipime, utanisikiliza?"

"Hapana, Bibi. Nitaipima."

"Ndiyo maana nimekupa wewe." Alimshika mkono, akaubana kwa nguvu kupita alivyokusudia, kwa kuwa hakuweza kujua nguvu yake. "Simama kama mti wa simu."

"Nitasimama."

Gari lilikwenda hadi mwisho wa mtaa, likangoja lori la mchanga lipite, likakunja kushoto.

Gramu alirudi ofisini. Aliuning'iniza upinde kwenye mizani ya ndoano, akauvuta: ulisoma kama mwaka jana. Akaweka matofali mawili mezani, akalaza mshale wa kwanza juu yake, akatundika jiwe la nusu kilo. Alisubiri sindano itulie. Akapima wa pili, na iliyobaki yote mmoja mmoja, kisha akapima ile mitatu ya zamani. Mipya ilisoma sawa yote, milimita moja zaidi ya ile ya zamani. Akarudia kupima tangu mwanzo, na ikasoma vilevile. Tofauti ya kiasi hicho, kwenye mizani ya sokoni, alikuwa akiipigia muhuri wa kupita.

Akaitia yote kwenye podo moja.